Gemu Imekuwa Bubu: Sauti Imepotelea Wapi?

Jumamosi moja mwezi wa pili watoto wanane walikuwa wameketi katika chumba chetu cha kompyuta kule Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye, wakingoja herufi ziongee. Herufi hazikuongea. Kwenye skrini picha zilikuwa zinacheza vizuri, mtoto akipata jibu anaonyeshwa ua, akikosa anaonyeshwa uso wa huzuni, lakini chumba kizima kilikuwa kimya kama darasa la mtihani. Kijana wetu anayesimamia mashine alibonyeza hapa na pale, akazima, akawasha, halafu akaja ofisini. "Madam, zimekufa sauti. Zote."

Fundi aliitwa kutoka mjini. Aliangalia kama dakika tano hivi, akasema kadi za sauti zimeungua kwa sababu ya stima kupotea na kurudi ghafla, na atabadilisha kila moja kwa shilingi 3,500. Kompyuta ni nane. Hiyo ni shilingi 28,000, na pesa tuliyokuwa nayo ni ile ya wazazi wanayochanga shilingi ishirini ishirini kila Jumamosi.

Kwa hivyo tulimwomba fundi angoje, na kwa wiki tatu tukafanya ile kazi ambayo tungefanya siku ya kwanza, yaani kuifuata sauti hatua kwa hatua mpaka tujue inapotelea wapi. Mwishowe ilikuwa ni kompyuta moja tu kati ya hizo nane iliyoharibika kweli. Tumeona tuyaandike hapa kwa sababu tunajua vikundi vingine, Trans Nzoia na Bungoma, ambavyo vilipewa kompyuta kuukuu na sasa zimefunikwa nailoni pembeni, eti hazina sauti.

Kuna mzazi aliyetuuliza kama gemu ni jambo la kusumbukia hivyo. Ni swali la haki. Gemu tunayotumia inaitwa GCompris. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa mmoja, Bruno Coudoin, na jina lake ukilitamka Kifaransa linasikika kama mtu anayesema "nimeelewa." Ni ya bure, hailipiwi leseni. Ndani yake kuna michezo zaidi ya mia moja ya watoto wa miaka 2 hadi 10: kuhesabu, kupanga, kutumia mausi, kutambua herufi. Sasa katika ule mchezo wa herufi mtoto anasikia herufi ikitamkwa, halafu anaibonyeza mahali imeandikwa. Bila sauti anabahatisha tu. Mtoto wa gredi ya pili ambaye hajashika kusoma, na nyumbani hakuna kitabu, hiyo saa moja ya Jumamosi ndiyo anasikia herufi ikirudiwa mara ishirini bila mtu kumkasirikia. Mashine haichoki. Sisi tunachoka.

Turudi kwa sauti. Wale wanaokaa chini ya mlima Elgon wanajua maji ya bomba yanayoteremka yenyewe kutoka juu. Mfereji ukikauka nyumbani, hakuna mtu anaanza kwa kwenda mlimani kuchimba chemchemi upya. Unaangalia kwanza mfereji wako umefungwa au la, halafu bomba la nje, halafu kwa jirani, unapanda pole pole. Sauti ya kompyuta ni hivyo hivyo. Inatoka kwenye gemu, inapita kwenye Windows, inafika kwenye kadi ya sauti, inatoka kwa tundu, inapita kwenye waya, inaingia kwenye spika, ndiyo unaisikia. Fundi wetu alienda moja kwa moja katikati ya bomba na kulikata. Sisi tukaanza na mfereji.

Mfereji ni spika. Spika za mezani zina stima yake mbali na ya kompyuta, aidha plagi ya ukutani au waya wa USB, na zina swichi na kirungu cha kuongeza sauti. Usicheke, lakini waulize watu wa chumba chochote cha kompyuta ni mara ngapi kile kirungu kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho wa chini. Njia ya haraka ya kujua spika ni nzima ni kuichomeka kwenye simu yenye tundu la hedifoni na kupiga wimbo. Ikiimba, spika haina kosa, iache, panda juu.

Halafu tundu. Nyuma ya kompyuta ya mezani kuna matundu matatu madogo yanayofanana: la kijani, la waridi na la samawati. Rangi hizi zilikubaliwa na watengenezaji mwishoni mwa miaka ya 1990 ili watu wasichanganye. La kijani ndilo la spika na hedifoni. La waridi ni la maikrofoni, la samawati ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Kompyuta yetu moja, namba saba, spika ilikuwa imechomekwa kwa waridi. Aliyefagia aliing'oa akairudisha gizani. Hiyo ndiyo "kadi iliyoungua" ya kwanza tuliyoiponya, kwa shilingi sufuri. Na kwa laptopu, chungulia ndani ya lile tundu la hedifoni kwa tochi. Ncha ya plagi ikivunjikia humo ndani, mashine inaweza kufikiri bado kuna hedifoni, kwa hivyo inanyamazisha spika zake.

Sasa tufike kwenye jaribio ambalo tunaomba mtu yeyote asilipe pesa kabla hajalifanya. Funga gemu. Piga kitu kingine chenye sauti kwenye kompyuta hiyo hiyo, wimbo kutoka kwa flashi unatosha. Wimbo ukisikika, basi kadi iko sawa, waya uko sawa, spika iko sawa, na ugonjwa uko ndani ya gemu ama katikati ya gemu na Windows. Wimbo usiposikika, usiiguse gemu kabisa, maana kosa haliko huko. Jaribio hili linachukua dakika moja na linakata kazi nusu.

Kwetu wimbo haukusikika kwenye kompyuta sita. Hapo kijana wetu alikuwa karibu kusema fundi alikuwa na haki. Lakini kitu kimoja kilitusumbua: zile sita zote ndizo zilizopewa monita mpya wakati wa likizo ya Desemba, na monita hizo zimeunganishwa kwa waya wa HDMI. Waya wa zamani wa monita, ule wa samawati wenye skrubu mbili, ulikuwa unabeba picha tu. HDMI inabeba picha na sauti pamoja. Windows ikiona waya huo mara nyingi inaamua yenyewe kupeleka sauti kwenye monita. Na monita zetu hazina spika. Sauti ilikuwa inatoka kila siku, inapelekwa kwenye chombo kisicho na mdomo.

Kuirekebisha si kazi. Pale chini kulia kwenye skrini, karibu na saa, kuna picha ndogo ya spika. Ibonyeze. Kwenye Windows 10 utaona jina la chombo kinachopokea sauti na mshale mdogo pembeni yake. Kwenye Windows 11 mshale uko kando ya mstari wa kuongeza sauti. Bonyeza mshale, vyombo vitajipanga, chagua spika badala ya monita. Halafu, na hapa watu wengi hukosea, ifunge gemu na kuifungua tena. Gemu nyingi hushika kile chombo zilichokikuta wakati zinafunguliwa na haziangalii tena nyuma. Tulibadilisha mashine ya kwanza, gemu bado kimya, tukavunjika moyo, kumbe ilikuwa inangoja kuwashwa upya tu.

(Mkiwa bado na Windows 10 jueni kwamba Microsoft waliacha kuisaidia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kufanya kazi na sauti haitapotea kwa sababu hiyo, lakini ni vizuri kutoiunganisha ovyo na intaneti.)

Tulipiga makofi mapema. Sauti ilirudi nusu. Kengele ya kupata jibu ililia, muziki ukasikika, lakini herufi zenyewe zikabaki kimya. Tuliona ajabu. Kumbe kulikuwa na makosa mawili, moja limelala juu ya lingine, na la kwanza lilikuwa limeficha la pili. Kwenye GCompris sauti za watu wanaotamka maneno haziko pamoja na gemu yenyewe. Kila lugha ina faili lake la sauti, na faili hilo linapakuliwa kutoka intaneti. Kijana aliyetusaidia kuweka programu upya wakati wa likizo alitumia flashi, na chumbani hakuna intaneti, kwa hivyo gemu ilikuja na kengele zake lakini bila sauti za watu. Dawa ilikuwa kuunganisha simu yenye bando na kila kompyuta kwa dakika chache, kufungua sehemu ya mipangilio ya gemu, kuchagua lugha na kukubali sauti zipakuliwe. Ukishafanya mara moja, basi. Hapo hapo kwenye mipangilio angalia pia vile visanduku vitatu: cha sauti za watu, cha milio na cha muziki. Kila kimoja kinaweza kuzimwa peke yake, na watoto hubonyeza kila kitu.

Gemu zingine nazo zina hadithi kama hiyo. Ukiona muziki unasikika lakini maneno hapana, usihangaike na waya, ingia kwenye mipangilio ya gemu. Na ukiona wimbo wa flashi unasikika lakini gemu kimya kabisa, bonyeza ile picha ya spika kwa kitufe cha kulia cha mausi utafute mahali pameandikwa Volume Mixer. Humo kila programu ina kiwango chake cha sauti. Ni lazima gemu iwe imefunguliwa ndipo jina lake lionekane. Saa ingine utakuta Windows yote iko juu, gemu peke yake imeshushwa mpaka sufuri, na hakuna anayekumbuka nani aliishusha.

Ni baada ya hayo yote ndipo tunafika kwa kadi. Hata hapo, kabla ya kusema imeungua, angalia draiva, yaani ile programu ndogo inayofundisha Windows jinsi ya kuongea na kadi. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Device Manager, tafuta mstari wa sauti. Kukiwa na alama ya njano, draiva ina shida. Mara nyingi ukiiondoa hapo na kuzima na kuwasha kompyuta, Windows inaiweka yenyewe. Mafundi wa zamani watacheka kusikia hili ndilo tunaloliita gumu. Kadi ya Sound Blaster ilipotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, na kwa miaka kadhaa baadaye, mwenye gemu alitakiwa kuiambia gemu kwa namba kadi iko wapi, 220, 5, 1, na ukikosa namba moja gemu inacheza bila sauti, ama mashine yote inakwama.

Mashine namba nne ilikataa hayo yote. Hiyo ndiyo iliyoungua kweli. Hata hiyo haikuhitaji shilingi 3,500. Kuna kadi ndogo ya sauti, kubwa kama kidole gumba, inachomekwa kwenye tundu la USB na hedifoni inaingia upande wa pili. Tuliinunua Kitale kwa shilingi 450.

Upande wa Bungoma, karibu na Kanduyi, tuna chumba kingine chenye laptopu tano, na huko shida ilikuja kwa namna yake. Laptopu moja ilinyamaza mara moja tu, ghafla, huku mtoto akiendelea kucheza. Wakati huo huo, ukumbi wa pili, kina mama wa chama walikuwa wanasomewa majina ya wenye madeni. Mweka hazina alipotaja jina la kwanza, bata akalia. Akataja la pili, bata akalia tena. Ilikuwa ile spika ya ukumbi ya Bluetooth, ambayo laptopu ilikuwa imeizoea tangu mkutano wa wiki iliyopita. Ilipowashwa tu, laptopu ikaikimbilia. Wazazi wanaowapa watoto simu kuchezea gemu wakumbuke hili pia: simu ikiwa kimya, zima Bluetooth kwanza. Halafu ongeza sauti wakati gemu iko wazi, kwa sababu sauti ya mlio wa kupigiwa na sauti ya gemu ni vitu viwili kwenye simu.

Ni katika chumba hicho cha Kanduyi tulikutana na kosa ambalo hatukulitarajia. Kulikuwa na kijana mdogo wa miaka tisa, anakaa na kukhu wake, kama tunavyomwita nyanya huku. Kila Jumamosi alisema, "Hakuna sauti." Tulimbadilishia laptopu. Tukambadilishia hedifoni mara tatu. Tukaangalia mipangilio yote tuliyoieleza hapo juu. Bado, "hakuna sauti." Msimamizi wetu alianza kusema huyu anacheza na sisi. Basi msichana aliyeketi karibu naye akachukua ile hedifoni akaivaa, akaruka, akaitupa mezani. Kijana alikuwa ameongeza sauti mpaka mwisho, na kwake bado ilikuwa kimya.

Tulimtembelea kukhu wiki hiyo hiyo. Alituambia bila kuficha, "Mwanangu, huyu mtoto hasikii. Nimemchapa mpaka nimechoka." Shuleni pia tuliambiwa maneno hayo hayo, hasikii, na kwa sababu hiyo alikuwa amewekwa dawati la nyuma. Sisi wenyewe tulikuwa tumelisema neno hilo juu yake. Karibu mwaka mzima watu wazima walikuwa wanalitamka, wote wakimaanisha ukaidi, hakuna aliyelichukua kama lilivyo.

Hospitalini walikuta usaha wa siku nyingi katika masikio yote mawili, na ngoma ya sikio la kushoto imetoboka. Kukhu alikuwa akiona unyevu kwenye mto asubuhi, akausafisha kwa kijiti chenye pamba, jambo ambalo wengi wetu tunalifanya na ambalo ni baya: kijiti kinasukuma uchafu ndani na kinaweza kutoboa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 15, asilimia 60 ya upotevu wa kusikia unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, na masikio yanayotoa usaha yamo. Mtoto wako akiwa anageuza upande mmoja wa kichwa anapoongeleshwa, anaangalia midomo yako sana, haitiki ukimwita kutoka nyuma, ama anaomba sauti ya redio na gemu iongezwe kila mara, mpeleke apimwe sikio kabla hujashika fimbo.

Mbali na hospitali, kuna vituo vya serikali vinavyoitwa EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, vinavyopima watoto na kuishauri shule. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Huduma kwa wasiosikia kabisa nazo si ngeni sehemu zetu, kwani shule ya Mumias ilianza mwaka 1961. Lugha ya ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba ya 2010. Tunalisema hili kwa sababu kuna wazazi ambao bado wanaficha mtoto nyumbani.

Kijana wetu anaendelea na dawa za kutia, na kituo kilishauri aketishwe dawati la mbele, upande wa sikio la kulia lielekee kwa mwalimu. Mwalimu amekubali. Kwenye laptopu tumemwekea hedifoni kubwa inayofunika sikio, na sauti katikati, maana kuipandisha mpaka mwisho kunaumiza hata sikio lililobaki. Michezo ya herufi anaipata polepole. Ile ya kuhesabu na ya kupanga vipande, ambayo haihitaji sauti, amewapita wenzake wote mezani, na sasa ndiye anaitwa mtu akikwama.

Vyumba viko wazi kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye spika kuukuu, hedifoni au waya wa HDMI asiotumia, alete ofisini kwetu Kiminini au Kanduyi. Kikundi chenye kompyuta zilizonyamaza kituandikie, tutakuja na flashi yenye wimbo mmoja.